Lenzi Yangu ya Kwanza na Shamba la Mama Gitonga

Kendi,

Saa hii uko mjini unasukwa nywele, mama yako yuko shambani anakuchimbia nduma za kubeba, na mimi nimekaa hapa mezani na karatasi za ofisi zilizobaki tangu nistaafu. Mambo ya safari hayahitaji barua. Mama yako ameshakuambia kuhusu neti ya mbu, na namba ya kupiga ukifika chuoni Kisumu, na kesho atayarudia yote mpaka basi liondoke. Mimi nataka kukuandikia juu ya lenzi.

Jumanne tukila ulinionyesha simu yako. Ulikuwa na picha za lenzi tatu: ile ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile fupi isiyovuta ya milimita hamsini, na ile ndefu ya kufika mia tatu. Ukasema mama mdogo Wawira amekupa kamera yake kutoka Embu bila lenzi kwa sababu yake ilianguka ikavunjika, na ulichoweka akiba kinatosha lenzi moja nzuri. Ukaniambia moyo wako uko kwa ile ndefu. Nikasema, "Chukua hamsini." Ukauliza, "Kwa nini lakini, baba?" Nikasema, "Kwa sababu nimesema," nikainuka nikaenda kufungia kuku.

Niliona ulivyoizima ile simu. Wewe hukuniuliza kama mtoto anayeomba ruhusa, uliniuliza kama mtu anayejua kwamba mimi nimebeba kamera miaka mingi, na nikakujibu kama askari wa lango. Sababu ninayo. Sijawahi kumweleza mtu wa nyumba hii, na kuisema kwa mdomo mezani kulinishinda. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nirekebishe kitu kimoja. Hata hiyo hamsini niliyokuambia haikuwa sawa. Alhamisi nilipita kwa yule jamaa wa studio karibu na soko, akanieleza kwamba kamera kama yako, kile kipande cha ndani kinachopokea picha ni kidogo kuliko filamu tuliyotumia sisi. Kwa hivyo hamsini kwako inavuta zaidi kuliko ilivyovuta kwangu. Ukiwa chumba kidogo itakusukuma mpaka mgongo uguse ukuta. Ukitaka kuona kama nilivyokuwa naona mimi na hamsini, tafuta thelathini na tano. Unaona, nilikuamuru kwa sauti kubwa na nilikuwa nimekosea.

Sasa hiyo sababu.

Nilipoanza kazi ya bwana shamba nilikuwa nimepewa eneo la Kibirichia. Mimi na mama yako tulikuwa tumeoana mwaka mmoja, tukikaa nyumba ya kupanga Kaaga kwa sababu alikuwa akifundisha shule ya wasichana pale. Mimi nilikuwa napanda kila asubuhi na pikipiki ya serikali. Ofisi haikuwa na kamera. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea alikuwa Embu, na majani tuliyomtumia kwa basi yalifika yameshaoza, kwa hivyo akatuandikia kwamba mwenye kuweza atume picha. Nikaamua kununua kamera yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama yako. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimewaona wapiga picha wa magazeti kwenye mkutano mmoja mjini Meru, wakiwa na lenzi ndefu kama mchi, na watu wakiwapisha njia, hata polisi.

Nilikwenda dukani Nairobi. Muuzaji alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Akaniuliza nataka kupiga nini. Nikamwambia, majani yenye ugonjwa, wadudu, mashamba. Akatoa lenzi ya hamsini, fupi, nyepesi, na pete mbili za chuma za kuweka nyuma yake ili isogee mpaka karibu kabisa na jani. Akanionyesha kwa stempu ya barua iliyokuwa kwenye kaunta. Niliona kila jino la ukingo wa ile stempu. Nikamwambia, "Ni nzuri. Na ile pale?" Ilikuwa mia mbili, nyeusi, na mfuko wake wa ngozi. Akasema, "Hiyo ni ya mbali. Kitu kikiwa karibu kuliko hatua tatu, haioni." Nikasema nitachukua hiyo. Akanitazama, akaifunga, akanipa risiti.

Kibirichia walinipokea na lenzi yangu kama nilivyotarajia. Watoto walinifuata. Chifu aliniita mbele kwenye baraza. Mimi nilikuwa nasimama njiani, nainua kamera, nalivuta shamba lote likaja, na viatu vyangu vinabaki safi. Kabla ya hapo nilikuwa naingia mashambani kama kila mtu, nachutama, nageuza jani. Sikuona siku niliyoacha kufanya hivyo. Ukiwa na kitu kinachovuta, unajikuta umebaki njiani, na unaona ni sawa tu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Gitonga. Shamba lake lilikuwa nusu eka kwenye bonde, waru tupu, viazi ukingo hadi ukingo, na ni mtu aliyejua waru kuliko mimi na cheti changu. Binti yake wa pili, Kagendo, alikuwa amefaulu darasa la saba, na mimi ndiye niliyemwombea nafasi kwa mama yako pale Kaaga. Alikuwa aingie kidato cha kwanza mara tu waru zikivunwa na karo ipatikane.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ilikatika ghafla. Mbingu ikawa wazi usiku na mchana, na baridi ya kule wewe unaijua. Asubuhi moja Mama Gitonga alinisimamisha njiani, akaniambia shamba limekuwa jeusi. Nikaenda. Ilikuwa kweli. Majani ya juu yote yameungua, yamelala, kama mtu amepitisha moto.

Kuna vitu viwili vinavyofanya hivyo, na ukiwa mbali vinafanana. Kimoja ni blaiti, ule ugonjwa unaoozesha majani kisha unashuka mpaka kwenye kiazi chenyewe, na ukikupata unakata mashina yote unachoma, uokoe ulichoweza. Kingine ni sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Sakitu inachoma juu tu. Ukiiacha mimea, inatoa machipukizi kutoka chini na unavuna, hata kama ni kidogo. Kuvitofautisha si kazi ngumu. Unapiga magoti, unageuza jani, unatafuta utando mweupe upande wa chini. Mtoto wa shule anaweza.

Mimi nilisimama njiani nikatoa mia mbili.

Mama Gitonga akaniuliza, "Bwana shamba, si uingie ndani uone?"

Nikamwambia, "Naona vizuri kutoka hapa, mama. Hii kamera inavuta."

Akacheka kidogo. "Inavuta mpaka chini ya majani?"

Na mimi nikacheka. Nikapiga picha sita, nikazipeleka studio, nikazituma Embu na barua. Kwenye barua ningeweza kuandika kwamba lenzi yangu haifiki karibu na kwamba sikuangalia chini ya majani. Sikuandika. Niliandika, "Kama picha zinavyoonyesha." Jibu lilikuja siku ya tisa. Mtaalamu alisema kwamba kwa anavyoona, inaelekea ni blaiti, lakini nithibitishe shambani kabla ya kuchukua hatua. Hayo maneno ya mwisho niliyasoma, Kendi. Sitaki ufikiri kwamba sikuyaona.

Nilimpelekea habari jioni hiyo. Akasikiliza, akaenda mpaka ukingo wa shamba, akainama. Akasema, "Huku chini ni kama kuna kijani kinatoka. Tungoje wiki moja?"

Nikamwambia, "Embu wamesema, mama. Ukingoja ugonjwa utaingia kwenye waru zenyewe, na utaambukiza majirani."

Alikata yote siku mbili zilizofuata, yeye na Kagendo, wakachoma. Waru walizochimba zilikuwa ndogo kama njugu mawe. Jirani yake wa ng'ambo ya ua, ambaye shamba lake liliungua asubuhi ileile, alikuwa Timau kwa kazi ya kibarua na hakuwa nyumbani kupokea ushauri wangu. Mwaka mpya ulipoingia shamba lake lilikuwa kijani. Nililiona nikiwa juu ya pikipiki. Sikuzima injini.

Tangu siku hiyo nikawa napita njia ya juu.

Mwezi wa pili mama yako aliniuliza tukila, "Yule msichana wako wa Kibirichia mbona hakuja? Nimemshikia nafasi wiki mbili." Nikamwambia, "Sijui. Labda mama yake amebadilisha nia." Mama yako akatikisa kichwa, akasema kuna wazazi ambao mtoto akiwa msichana hawaoni haraka. Alikasirika kweli. Unamjua akikasirika kwa ajili ya mtoto wa mtu. Nafasi akapewa mwingine, na mimi nikaendelea kula.

Nilimpata Kagendo sokoni siku ya Jumatano, saa ambayo wenzake walikuwa darasani. Alikuwa anauza kabeji. Nikamuuliza, kama mtu asiyejua, kwa nini hayuko shule. Akasema, "Waru ziliungua." Akaniamkia vizuri, akanichagulia kabeji kubwa, akakataa nilipe kwa sababu mimi ni bwana shamba. Niliifunga ile kabeji kwenye pikipiki, nikashuka nayo mpaka kwenye daraja nikasimama. Nilishindwa kufika nayo nyumbani. Nikageuza.

Mama Gitonga alikuwa jikoni. Nilikataa kiti. Nikamwambia, "Haukuwa ugonjwa, mama. Ilikuwa baridi tu. Sikuangalia. Ningeingia shambani ningejua."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Yeye aliacha kukoroga, mwiko mkononi, mpaka uji ukaanza kushika chini. Kisha akasema, "Kwa hivyo si mimi?"

Sikumwelewa. Akarudia, "Kwa hivyo si kitu nilifanya?"

Ndipo akaniambia. Alipoona shamba la jirani limerudi na lake ni udongo mtupu, chipukizi hata moja hakuna, alijua lazima kuna dhambi. Miezi miwili alikuwa akitafuta ni ipi. Alikuwa amesimama mbele ya akina mama wa kanisa akaomba aombewe, akataja mambo ya zamani, ya ujana, ya marehemu mumewe, mambo ambayo mtu hatakiwi kuyasema mbele ya watu. Alikuwa ameyasema yote akitafuta lile lililochoma waru. Na mimi nilikuwa napita njia ya juu.

Akaniambia, "Toka kwangu." Nikatoka.

Niliyofanya baadaye ni machache. Nilimwandikia mtaalamu wa Embu ukweli, na mkubwa wangu, nikapewa barua ya onyo ambayo ilikuwa haki yangu. Nilileta mbegu kutoka kwa ndugu yangu, nikazipanda naye Jumamosi nne bila yeye kusema neno zaidi ya "huku" na "pale". Jumapili moja alisimama tena kanisani, akasema mbele ya walewale kwamba haikuwa yeye. Hakunitaja jina, lakini watu walinitazama. Kagendo aliingia shule mwaka uliofuata, si Kaaga, nyingine ya karibu na kwao, akiwa mkubwa kuliko wenzake. Leo ni nesi Nkubu. Tukikutana ananiamkia, lakini hasimami.

Mwaka huo wa pili, Mama Gitonga aliniita mwenyewe. Aliniona napita, akapaza sauti kutoka katikati ya shamba: "Bwana shamba! Njoo uone wadudu. Na hiyo miguu uikunje."

Ile mia mbili niliibadilisha na mpiga picha wa mpira pale mjini, akanipa hamsini iliyotumika na pete zake. Picha zote za majani unazozijua, zile slaidi ulizokuwa ukizitazama kwenye mwanga wa dirisha ukiwa mdogo, ni za hiyo hamsini, na kila moja niliipiga nikiwa nimepiga magoti. Ukitaka kujua hasara nyingine ya mia mbili, fungua albamu yetu ya kwanza. Mwaka mzima wa ndoa hakuna picha hata moja ya ndani ya nyumba. Sikuweza kurudi nyuma kiasi cha kutosha. Mama yako yuko kwenye kamba ya nguo, yuko langoni, yuko ng'ambo ya barabara. Yeye husema nilimwoa nikiwa upande ule mwingine wa bonde.

Sasa, sisemi lenzi ndefu ni mbaya. Yule jamaa wa mpira aliitumia mpaka ikachakaa, na picha zake zilikuwa nzuri. Kisumu kuna ndege wa ziwani, na ukiamua ndege ndio kazi yako, hutawapiga na thelathini na tano. Nisichopenda ni sababu yako. Ulisema Jumanne, na labda hukujisikia ukisema, kwamba ukiwa na ndefu watu hawatajua unawapiga. Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasimama nyuma ya mlango wageni wakija. Mimi nilinunua yangu kwa majivuno, wewe unataka kununua yako kwa aibu, na naogopa zitatufikisha mahali pamoja, pale njiani.

Kwa hivyo kama ungekuwa unaniuliza leo, ningekuambia hivi. Azima kabla ya kununua, hata siku mbili. Chuoni lazima kuna mtu mwenye lenzi. Tembea na fupi wiki moja, kisha utazame picha zilizoharibika, si zile nzuri, ujiulize zimeharibika kwa sababu ulikuwa mbali au kwa sababu ulikuwa karibu. Zikikuambia ulikuwa mbali, jaribu kwanza kusogea. Kama kuna mto katikati, au simba, basi nunua ndefu. Angalia inasogea karibu kiasi gani, maana muuzaji hakuambii usipouliza. Angalia kama inafunguka sana ikaingiza mwanga, kwa sababu makanisa yetu na majiko yetu yana giza. Ikiwa ni ya mkono wa pili, itazame kwenye mwanga, ndani ya kioo. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni ukungu, na ukungu hautoki. Ile hamsini yangu uliila nikiwa nimeifungia kabatini mvua zote za mwaka.

Na ukimpiga mtu picha, mwambie. Atakataa mara nyingine. Utazoea.

Umeshaona barua hii ina jambo lingine ambalo bado halijamalizika. Mama yako mpaka leo anaamini kwamba Mama Gitonga hakutaka binti yake asome. Amelisema mara nyingi miaka hii yote, hata mwaka jana kwenye harusi, jina la Kibirichia lilipotajwa. Kila mara nimekuwa nikitazama chini. Mama Gitonga nilimwambia, Embu niliwaambia, mkubwa wangu nilimwambia. Mke wangu nimemwacha na uwongo huo, na mama wa watu nimemwacha nao pia, bila yeye kujua.

Nimesikia mlango wa jikoni. Amerudi na nduma. Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Ni saa kumi na moja, na wewe bado hujafika.

Nimemwambia yote, nikiwa nimesimama karibu na sinki. Hakuacha kuosha nduma. Nilipofika kwenye kabeji aliacha. Akaniuliza swali moja tu: "Huyo mama yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai, yuko palepale, anatembea na fimbo.

Akapangusa mikono. Akasema kesho tukishakusindikiza tutapanda Kibirichia, yeye na mimi, na kwamba yeye ndiye atakayeongea kwanza. Kisha akasema kamera niiache nyumbani.

Baba yako.